Uaminifu na Hiana Katika Bendi za Vijana

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo, ingawa limekwisha tenganisha marafiki wengi, mijini na mashamba. Jambo lenyewe ni uaminifu na hiana baina ya watu wapigao muziki pamoja katika bendi zisizo za mshahara.

Tukisema bendi zisizo za mshahara, tuna maana ya zile bendi za watu wenye kazi nyingine. Mmoja ni mkulima, wa pili karani, wa tatu fundi seremala, wa nne mwanafunzi. Mchana kila mtu yumo katika shughuli yake. Jua likipoa hukutana chini ya mwembe au katika chumba cha shule, huyu na gitaa, yule na ngoma, mwingine na tarumbeta, wakajifunza nyimbo za harusi na za sikukuu. Fedha wazipatazo ni chache, na nyingi katika hizo hurudi kununua nyuzi za gitaa na ngozi za ngoma.

Basi mtu wa nje akisikia kwamba bendi kama hiyo imevunjika kwa ugomvi, hucheka, akauliza, "Walikuwa na nini cha kugombania?" Lakini mtu aliyepata kuwamo hacheki. Anajua kwamba watu waliopiga pamoja miaka miwili au mitatu hufahamiana kuliko majirani. Mpiga ngoma hujua mwimbaji anapotaka kuvuta pumzi. Mpiga gitaa hujua, bila kuambiwa, ni mahali gani mwenzake atachelewa, akamngoja. Kila mmoja ameweka heshima yake mikononi mwa wenzake, kwa maana mmoja akikosa mbele ya watu wameaibika wote. Palipo na kuaminiana kwa namna hiyo, hiana ikitokea huuma sana. Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Na tuanze na habari za zamani, tupate kuona jinsi watu waliotutangulia walivyolitengeneza jambo hili. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika miji ya Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma iliyoitwa beni. Walikuwa wameziona bendi za askari na za misheni, zenye tarumbeta na ngoma kubwa, wakaziiga kwa namna yao wenyewe. Ngoma hii ilienea Tanganyika, na katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua mbali barani. Katika Tanganyika yalikuwako makundi mawili makubwa yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Kila kundi lilikuwa na vyeo vyake, na mavazi yake, na nyimbo zake za kuwacheka wale wa upande wa pili.

Watu wengi waliyatazama mavazi yale na gwaride lile, wakadhani ni mchezo wa kuiga Wazungu tu. Lakini mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alionyesha kwamba chini ya gwaride palikuwa na jambo zito. Makundi yale yalikuwa pia vyama vya kusaidiana. Mwanachama aliyefika mji mgeni alipokewa na wenzake; aliyeugua alitazamwa; aliyekufa alizikwa kwa heshima. Yatupasa kulishika neno hili. Mwanachama alikuwa mwaminifu kwa chama, na chama nacho kilikuwa na deni la uaminifu kwake. Uaminifu ulikwenda ukarudi, kama mtu na jirani yake wapelekeanavyo chakula.

Mfano wa pili twautoa Unguja. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha taarabu, wakakiita Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wa moyo safi. Tazameni jina walilolichagua. Hawakukiita chama chao kwa jina la mwimbaji mwenye sauti nzuri, wala kwa jina la tajiri aliyewasaidia. Walikiita undugu. Wale walioanza wamekwisha kufa wote, lakini chama kimevuka miaka mia, na udi, fidla na kanuni zimepita kutoka mikono ya baba hadi ya watoto na wajukuu.

Katika vyama vya namna hii, vya taarabu na vya dansi vilevile, desturi ya zamani ilikuwa kwamba vyombo ni mali ya chama. Wanachama walichanga fedha, wakanunua gitaa au tarumbeta, na mpigaji aliyeondoka alikiacha chombo ndani. Desturi hiyo ilikuwa na faida moja kubwa: mtu mmoja hakuweza kuivunja bendi kwa kuondoka. Lakini ilikuwa na hatari yake pia. Mpigaji asiyekuwa na chombo chake mwenyewe hakuwa na kitu cha kumshikilia ila moyo wake na neno lake. Akija mtu mwenye vyombo vipya na ahadi nzuri, angeweza kuhama usiku mmoja, akichukua vidole vyake na sauti yake tu.

Na ndivyo ilivyokuwa hata katika bendi kubwa za mshahara. Pale Dar es Salaam, mwaka 1978, bendi ya Mlimani Park iliundwa na wanamuziki waliotoka katika bendi nyingine. Na mwaka 1985 baadhi ya wanamuziki mashuhuri wa Mlimani Park nao wakahama, wakaenda kuunda bendi mpya ya International Orchestra Safari Sound. Iliyopata kwa kuhama, ikapoteza kwa kuhama. Hatusemi neno hili kwa kuwalaumu. Mtu aishiye kwa muziki ana haki ya kutafuta ujira ulio bora, kama fundi yeyote. Twasema tu kwamba kuhamahama ni jambo la kawaida katika muziki, na bendi isiyojiandaa kwa jambo la kawaida haina haki ya kushangaa litokeapo.

Hapo ndipo tunapofika katika shina la mazungumzo yetu. Watu wengi huchanganya mambo mawili, kuondoka na kusaliti, wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, akaunda bendi yake, Super Volcano, akaendelea nayo mpaka alipokufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Leo watu husikiliza nyimbo alizozipiga na Morogoro Jazz, tena husikiliza zile za Super Volcano, na hakuna aonaye kwamba za pili zimezifuta za kwanza. Kuondoka kwenyewe si hiana. Mtoto huondoka nyumbani akaoa, wala hatumwiti haini.

Hiana ni nini basi? Hiana ni kumficha mwenzako jambo ambalo angekuwa na haki ya kulijua, ili wewe upate faida na yeye apate hasara. Mtu akisema, "Ndugu zangu, mwezi ujao nitawaacha," huyo ameondoka. Mtu akiahidi kuja harusini, huku amekwisha ahidi mahali pengine, huyo amesaliti. Tofauti haiko miguuni mwake bali kinywani mwake.

Na sasa tutawasimulia jambo lililotupata wenyewe, ingawa halitupi sifa. Tulipokuwa wanafunzi wa ualimu, tulikuwa na bendi ndogo ya watu saba. Mwenzetu mmoja alikuwa hodari wa gitaa kuliko sisi sote. Jumamosi moja tulikuwa tumealikwa kupiga katika harusi ya binti wa mzee mmoja mwenye heshima. Alhamisi mpiga gitaa wetu hakuja mazoezini. Ijumaa hakuja. Jumamosi asubuhi mtu mmoja aliyetoka sokoni akatuambia kwamba amemwona akishuka mjini pamoja na bendi nyingine, gitaa lao begani. Na usiku ule, tulivyosikia baadaye, walipiga wimbo ambao sisi tulikuwa tumeutengeneza miezi minne.

Harusini tulipiga bila gitaa. Watu walivumilia kidogo, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wenye harusi walitulipa nusu. Tuliporudi tulifanya mkutano. Mkutano ule haukuchukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Tulilifuta jina lake katika daftari, na mtunza fedha wetu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba huyu ni haini. Kisha tukatunga wimbo wa kumtukana. Ubeti wa pili tuliutunga sisi tunaosema nanyi sasa, na tuliusifu sana wakati ule. Tuliuimba karibu mwaka mzima, na watu waliupenda.

Siku moja mtunza fedha alipata kazi mbali, akatakiwa kulikabidhi sanduku. Sanduku lilipofunguliwa halikuwa na kitu. Alilia, akasema yote. Fedha alikuwa amezitumia mwenyewe kidogo kidogo, akitumaini kurudisha. Tena akasema neno lililotuumiza zaidi. Wiki ile ya harusi mpiga gitaa alikwenda kwake mara mbili, akaomba sehemu yake, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa na alitaka nauli ya kumpeleka hospitali. Mtunza fedha hakuwa na cha kutoa, akaogopa kujulikana, akamjibu, "Nimewauliza wenzako, wamekataa." Sisi hatukuulizwa kitu. Ile bendi ya mjini ikampa fedha siku ileile, kwa sharti kwamba apige nao Jumamosi.

Watatu katika sisi tulifunga safari tukamwendea nyumbani, pamoja na mzee mmoja wa kanisa aliyekubali kutusindikiza. Alitupokea vizuri, akatupa viti na uji, wala hakuonyesha hasira. Tulipomaliza kueleza tuliyoyajua, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ndugu zangu, mama alifariki siku ya tatu baada ya harusi ile. Nalingoja mje kumzika. Badala yenu ulikuja wimbo."

Hatukuwa na jibu. Yule mzee alimwuliza kama yeye mwenyewe aona alikosa lolote. Akasema, "Nalikosa, mzee. Ilinipasa niwaambie kwa kinywa changu kwamba siji. Niliona haya, nikajificha. Lakini na wao ilikuwapasa kuniuliza." Tulimwomba radhi, naye alituomba radhi, tukashikana mikono. Hakurudi katika bendi yetu. Twataka mlijue neno hilo, maana hadithi nyingi za kupatana husema kwamba kila kitu kilirudi kama kwanza. Hakikurudi. Lakini ule wimbo haukuimbwa tena, na katika daftari la nyimbo tuliandika jina lake upya mbele ya kila sauti aliyoitunga. Na mmoja wetu alipofiwa, mwaka uliofuata, yeye alikuwa wa kwanza kufika.

Kwa kisa hicho tulijifunza kwamba hiana nyingi za bendi huota mahali palipoachwa wazi kwa uzembe. Mahali penyewe ni panne: fedha, vyombo, nyimbo na sifa. Na tupatazame pamoja.

Kwanza ni fedha. Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bendi ikipata hata fedha kidogo, iandikwe siku hiyohiyo: imetoka kwa nani, imetumika kwa nini, imebaki kiasi gani. Mtu mmoja ashike daftari na mwingine ashike sanduku, na kila mwezi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote. Msione haya kufanya hivyo mkidhani mnamtuhumu rafiki yenu. Hesabu isomwayo humlinda mtunza fedha mwaminifu asisingiziwe, na humzuia mdhaifu asianguke. Lau sisi tungesoma hesabu yetu kila mwezi, rafiki yetu mmoja asingalikuwa mwizi na mwingine asingaliitwa haini. Tena amueni mapema jambo hili: mtu akipatwa na ugonjwa au msiba, atasaidiwa kwa kiasi gani, na nani apaswa kuambiwa. Ombi la namna hiyo lisiishie kwa mtu mmoja.

Pili ni vyombo. Katika bendi nyingi gitaa moja lilinunuliwa kwa mchango, ngoma ililetwa na mtu kutoka kwao, na tarumbeta iliazimwa shuleni. Siku za raha hakuna aulizaye. Siku ya ugomvi kila mtu hukumbuka namna yake. Andikeni basi orodha: hiki ni cha bendi, hiki ni cha fulani ambaye ametuazima, hiki ni cha shule. Na kama chombo cha mtu kikivunjika katika kazi ya bendi, nani atakitengeneza? Jibu lipatikane kabla hakijavunjika.

Tatu ni nyimbo, na hapa pana uchungu zaidi, kwa kuwa wimbo haufungwi katika sanduku. Mmoja huleta maneno, wa pili huleta sauti, wa tatu hutengeneza mwendo wa ngoma. Mtu mmoja akihama, je, aweza kuuimba huko aendako? Sheria za nchi zetu zina neno juu ya jambo hili. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Na msingi wake ni kwamba kazi ni ya yule aliyeitunga, na ikiwa wawili waliitunga pamoja, wote wawili wana haki. Lakini bendi ya kijiji haitakwenda mahakamani kwa wimbo wa harusi. Dawa iliyo karibu ni daftari la pili, la nyimbo. Andikeni jina la wimbo, siku ulipokamilika, ni nani aliyetunga maneno na ni nani aliyetunga sauti. Kisha mpatane wazi: mtunzi akiondoka ataweza kuuimba wimbo wake popote, nayo bendi itaweza kuendelea kuupiga ikimtaja jina. Patano la namna hiyo si la kisheria sana, lakini humwachia kila upande heshima yake.

Nne ni sifa. Watu wakija ngomani humtazama mwimbaji. Jina lake ndilo wanalolijua. Yule apigaye nyuma hafahamiki, ingawa bila yeye mwimbaji asingeweza hata kuanza. Methali yasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwimbaji asifiwaye sana huanza kuchelewa mazoezini, kisha huanza kusema "bendi yangu". Na wale wa nyuma huanza kunung'unika.

Katika jambo hili twaweza kumkumbuka Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri, hakwenda peke yake akapigiwa na wageni. Alikwenda na wapigaji wake wa nyumbani, waliokuwa wakijua kila pindo la sauti yake. Sahani zile zilimpa jina kubwa kuliko mwimbaji yeyote wa pwani wa siku zake, na ndani ya kila sahani mna mikono ya wenzake. Mwimbaji mwenye busara huwataja wapigaji wake kwa majina mbele ya watu, kabla ya wimbo wa mwisho. Kufanya hivyo hakumgharimu hata senti moja.

Sasa tuseme juu ya siku yenyewe, siku mtakayoambiwa kwamba mwenzenu amewasaliti. Mfanye nini?

Neno la kwanza ni kunyamaza. Msitunge wimbo, wala msiseme sokoni. Wimbo ukiisha kutoka haurudi, nasi tumewaambia tulivyojua. Neno la pili ni kumtuma mtu amwendee. Asiwe yule mwenye hasira kuliko wote, wala yule atakayepata faida mwenzenu akifukuzwa. Awe mtu wa makamo ambaye pande zote mbili humheshimu, na swali lake la kwanza liwe, "Imekuwaje?" wala lisiwe, "Kwa nini umetufanyia hivi?" Swali la kwanza hufungua mlango, la pili huufunga. Neno la tatu ni kutokata shauri akiwa hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo shauri lililokatwa nyuma yake huwa ni la upande mmoja, hata likiwa la haki.

Mkiisha kumsikia, pimeni kosa lake ni la namna gani. Ikiwa ameondoka tu, na mlichoumia ni fahari yenu, mwacheni aende na mumtakie heri. Ikiwa alivunja ahadi na kuwatia hasara, mwambieni hasara hiyo kwa kiasi chake, asiongezewe wala asipunguziwe, na mumpe nafasi ya kuilipa. Ikiwa amechukua fedha au chombo, daini mali hiyo mbele ya mashahidi. Akikataa, pelekeni habari kwa wakubwa wa kijiji, wala msimwendee usiku na fimbo. Kusamehe hakumlazimu mtu kuiacha mali ya wengine ipotee.

Na kama akitaka kurudi? Mpokeeni, lakini kwa daraja. Mtu aliyevunjika mguu hapandi mnazi siku ile atolewapo bandeji. Na apige ngoma pamoja nanyi kwa muda kabla hajapewa ufunguo wa sanduku. Wala asikumbushwe kosa lake kila anapokosea sauti, maana huko si kumrudisha, ni kumtesa.

Twataka pia kusema na wewe kijana ambaye labda sasa hivi unaitwa na bendi nyingine. Huenda wana vyombo vizuri kuliko vyenu, na huenda ni kweli kwamba utajifunza zaidi kwao. Hatukukatazi. Twakuomba mambo matatu tu. Waambie wenzako kabla hujawajibu wale wanaokuita. Timiza kila ahadi ambayo bendi yako imekwisha itoa ukiwamo, hata ikiwa ni harusi moja tu. Na mfundishe mtu mwingine sehemu yako kabla hujaondoka. Ukifanya hayo, utaweza kukutana nao njiani bila kuinamisha kichwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Nanyi mnaobaki, jueni kwamba bendi huweza kuishi baada ya kumpoteza hata aliyeianzisha. Kule Morogoro, Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba mwaka 1948, akafa kwa ajali mwaka 1965, akiwa bado kijana. Wenzake hawakutawanyika. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza. Huo nao ni uaminifu, tena labda ni uaminifu mkubwa kupita wote, kwa kuwa aliyekufa hawezi kumshukuru mtu wala kumlaumu.

Walimu wenzetu, ninyi mnaosimamia bendi na kwaya za shule, mna kazi njema hapa. Mtoto ajifunzaye kusoma hesabu ya bendi kwa sauti, na kumngoja mwenziwe anayechelewa katika wimbo, na kusema wazi, "Jumamosi siji," amejifunza mambo ambayo yatamfaa atakapokuwa mume, au mke, au mweka hazina wa chama cha ushirika. Bendi ni ndogo, lakini ndani yake mna mambo yote ya mji.

Ikiwa kwenu iko bendi iliyovunjika, na yuko mtu mlizoea kumwita haini, twawaomba jambo moja kabla hatujaagana. Mwendeeni mkamwulize ilikuwaje. Labda mtakuta kwamba mlikuwa na haki. Labda mtakuta kwamba alikuwa na mgonjwa nyumbani, naye alikuwa akingoja miguu yenu mlangoni pake. Kwaherini.